Tanzia Tisa Sandukuni

Albina Sedlak alioka mapaja manne ya nguruwe kwa ajili ya mazishi ya mumewe, na matatu kati yake yaliishia kwa mbwa. Nalisema hili kwanza kwa sababu ndilo linalonikera mpaka leo, na kwa sababu wale waheshimiwa wa kampuni iliyoinunua redio yetu, kila ukiwaeleza jambo, hutaka takwimu. Basi takwimu ni hizi: mapaja manne, kolache mia tatu, vile vimkate vya Kicheki vyenye plamu katikati, viti mia mbili katika ukumbi wa kanisa. Watu kumi na mmoja.

Marehemu alikuwa Ladislav, Laddie kwa kila mtu, fundi wa pampu za visima. Kwa miaka arobaini na miwili hapakuwa na shamba katika kaunti zetu tatu za Nebraska ambalo hakuwahi kulalia matope yake. Theluji iko magotini, ng'ombe wanalia kiu, unampigia Laddie, na Laddie anakuja huku akikutukana kwa Kicheki kwamba hukufunika bomba. Mtu wa namna hiyo akifa, hapa kwetu Lomnice, mji wa wajukuu wa Wacheki, pikapu hupangana kutoka kanisani hadi barabara kuu. Siku ile ya Januari barabara ilikuwa nyeupe, tupu kabisa.

Huku hatualikani msibani. Kumpigia mtu simu na kumwambia njoo unizikie mume wangu ni kumwomba machozi, na mwanamke wa huku afadhali azikwe yeye. Unachofanya ni kuandika tanzia kwa mkono wako, uipeleke stesheni ya redio, pale kando ya ghala la nafaka, na uitumbukize katika kisanduku cha bati kilichopigiliwa mlangoni. Saa sita na robo mchana, baada ya bei za mahindi na nguruwe, kinapigwa kinanda cha kanisa kidogo, kisha tanzia zinasomwa. Wanaume walikuwa wakizima matrekta. Wanawake walikuwa wakipunguza moto jikoni. Tanzia zikimalizika, kaunti nzima ilikuwa inajua nani apige pasi suti yake na kwa siku gani.

Aliyekuwa akizisoma ni mimi. Jina langu Milo Vondra, na nilizisoma kwa miaka kumi na tisa.

Mwezi wa Novemba stesheni yetu ilinunuliwa na kampuni moja ya mbali, yenye stesheni mia sita na ushee. Zamani sheria haikumruhusu mtu mmoja kurundika redio namna hiyo. Ikalegezwa, wao wakala mpaka wakavimbiwa, na mwaka huo walikuwa wanataka ilegezwe tena, ili kampuni moja iweze kushika redio, televisheni na gazeti la mji uleule. Gazeti letu lilikuwa limeshakufa. Sisi wanne wa redio tulifukuzwa asubuhi moja, na mahali petu ikawekwa kompyuta. Tangu hapo kijana fulani wa jimbo jingine akawa anatutakia siku njema yenye jua, huku nje dhoruba ya theluji inang'oa mabati.

Tanzia walizifuta. "Misiba inawafanya watu wahame stesheni," meneja mpya aliniambia. Kinanda, hata hivyo, hawakukifuta, kwa kuwa mchonga mawe ya makaburi wa mji jirani alikuwa na mkataba wa tangazo lake kuja mara tu baada ya kinanda. Kwa hiyo kila siku, saa sita na robo, kinanda kililia, mchonga makaburi akasifiwa, kisha ukaja wimbo. Mnaelewa maana yake? Watu walisimama na ndoo zao mikononi wakadhani kwamba leo, namshukuru Mungu, hakuna aliyekufa. Kaunti nzima ilishangilia majira ya baridi yenye afya!

Na kisanduku cha bati nacho walikiacha mlangoni. Hakuna aliyekifungua.

Mimi nilijua. Nilikuwa nimetia sahihi karatasi kwamba sitasema neno juu ya stesheni, nao wakanipa mshahara wa miezi michache wa kunifunga mdomo. Nilikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja ukumbini. Nilikula nyama ya Albina, nikamwona anavyoutazama mlango kila upepo ukiusukuma, nikajua kwa nini hakuna anayeingia, nikanyamaza. Atakayesoma habari hizi asidhani mimi ndiye shujaa wake.

Wiki tatu baadaye simu ililia nyumbani kwa Albina. Alikuwa Rosalie Kubik, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, maili thelathini kaskazini. Mazungumzo yao nimeyasikia kutoka kwa kila mmoja wao, na yanafanana.

"Albina, mwenzangu, baridi inasemaje huko? Hebu nipe huyo mzee wako. Pampu imekata roho tena, na safari hii asinidanganye kwamba ni fyuzi."

"Unasema nini wewe?"

"Nasema mwamshe. Namjua, kajilaza karibu na jiko na soksi zake zinanuka."

"Rosalie, kama hukutaka kuja, basi. Lakini usinipigie simu kunicheka."

"Kuja wapi?"

"Kumzika!"

Rosalie akauliza taratibu, "Kumzika nani, Albina?"

Albina aliishusha simu kutoka sikioni. Simu ilibaki mkononi, na upande wa pili Rosalie alikuwa anapiga kelele, "Hawajasema! Redio yangu haizimwi zizini, saa sita na robo nasimama kama askari! Nakuapia, mama, hawajasema kitu!"

Wiki tatu Albina alikuwa akiamini kwamba kaunti tatu zimemdharau mumewe. Alikuwa ameacha kwenda kwa mwokaji mikate. Alikuwa amebadilisha benchi kanisani ili asikae na mtu. Usiku, aliniambia baadaye, alikuwa anamuuliza Laddie, uliwafanyia nini watu hawa mpaka wakakuchukia hivi? Na Laddie hakuwa amemfanyia mtu lolote zaidi ya kumpa maji.

Alivaa buti za Laddie, akachukua koleo lake, akaendesha mpaka stesheni. Kisanduku kilikuwa kimeshiba hadi mdomoni. Alilivunja bati kwa koleo. Ndani kulikuwa na tanzia tisa. Yake ilikuwa juu, na chini yake nane za nyumba nyingine, nyumba nane ambazo kila moja ilikuwa imekaa na viti vitupu, ikadhani imetengwa, ikaona aibu, ikanyamaza.

Kutoka hapo alikuja moja kwa moja kwangu. Alizimwaga zile karatasi juu ya meza yangu ya jikoni.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ulikaa kwenye kiti changu, ukala nyama yangu, na unajua?"

"Nilitia sahihi, Albina. Wangeninyang'anya..."

"Nyamaza. Nimewalaani majirani zangu wiki tatu. Rosalie nimemtukana leo asubuhi, naye alikuwa anamtafuta Laddie amtengenezee pampu." Koleo bado alikuwa nalo mkononi. "Nipe kitu cha kufanya, Milo. Sasa hivi. La sivyo nakupiga na hili."

Nilimwambia habari za faili. Watu wengi hawalijui, na stesheni hazina haraka ya kuwajulisha. Kila stesheni ya redio katika nchi hii lazima iwe na faili la umma, na mtu yeyote anaweza kuingia saa za kazi, akaliomba, akakaa, akalisoma. Hatakiwi kueleza sababu. Ndani yake mna leseni, barua za wasikilizaji, na orodha ya kila miezi mitatu ambamo stesheni yenyewe inaandika imewafanyia nini watu wa mahali pake. Leseni haitolewi bure bure. Hewa ni ya umma, na mwenye stesheni ameazimwa tu.

"Ameazimwa," alisema Albina. "Na Laddie alikuwa na msemo wake juu ya watu wanaoazima vifaa." Msemo wenyewe hauandikiki.

Meneja aliitwa Craig Tillotson. Alikuwa anagawanyika kwa stesheni tano, kwetu akija Jumanne na Alhamisi. Jumanne iliyofuata alimkuta Albina amekaa mapokezi na kikapu cha chakula cha mchana mapajani.

"Naomba faili la umma."

"Bibi, hayo ni mambo ya kiofisi. Unatoka shirika gani?"

"Natoka shamba la Sedlak."

"Unalitakia nini?"

"Sheria inasema huniulizi hivyo."

Craig alitabasamu, kama wanavyotabasamu watu waliofundishwa kutabasamu. "Nani amekuambia sheria?"

"Na hilo nalo huniulizi. Lilete, mwanangu, kahawa yangu inapoa."

Lililetwa. Alilisoma Jumanne tatu, ukurasa kwa ukurasa, akila mkate wake na soseji juu ya meza ya wageni. Jumanne ya tatu aliipata orodha ya miezi ya baridi, na akanipigia simu palepale kwenye meza ya mapokezi, Craig akisikia.

"Milo, andika. 'Huduma kwa jamii. Taarifa za misiba, kila siku ya kazi, saa sita na robo, dakika tano.' Wameorodhesha na tarehe. Kuna Januari ishirini na moja. Kuna ishirini na mbili." Nilisikia kikombe kikiwekwa mezani. "Ishirini na mbili nilikuwa namzika Laddie. Hapa chini pana sahihi. Wameandika kwamba walimtangaza!"

Niliposikia hivyo niliketi. Uvivu ningeweza kuuelewa, hata uchoyo. Lakini kumnyima mtu tanzia, halafu ukaichukua maiti yake ukaiandika kwa wakubwa kuwa ni fadhila uliyomfanyia, hilo sikuwa na jina lake, na sina mpaka sasa.

Albina hakuwa mwanasiasa. Alipiga kura, alioka keki za mnada wa kanisa, basi. Lakini Laddie alikuwa ameacha daftari. Lilikuwa na kila kisima alichowahi kukigusa: jina la shamba, kina cha kisima, aina ya pampu, na maneno mafupi kama "mbwa mkali" au "mke anapika vizuri." Mashamba mia mbili na kumi na manne. Albina alilifungua ukurasa wa kwanza akaanza kuendesha, Machi hiyo yote, shamba kwa shamba, kwa mpangilio wa daftari. Wakati huo kulikuwa na watu wa vyama vya wasikilizaji waliokuwa wakikusanya sahihi nchi nzima kutaka sheria ya umiliki isilegezwe. Walimpa fomu zao. Alizibeba ndani ya daftari la Laddie.

Nilimwendesha siku nyingi, kwa kuwa macho yake yalikuwa yanaumizwa na weupe wa theluji, na kwa kuwa sikuwa na uso wa kukataa. Kila mlango ulikuwa msiba mpya. Anabisha, anafunguliwa, wanamchangamkia, "Ah, Albina! Laddie yuko wapi?" naye anasema. Nimeona wanaume wakubwa wakikaa kwenye ngazi za nyumba zao wakilia na glovu usoni. Kisha anawaambia kwa nini hawakujua, na baada ya hapo kalamu hazikuwa zinatosha.

Si wote. Mmoja aitwaye Gus Prokop alitukatalia mlangoni.

"Albina, pole sana, Laddie alikuwa mtu. Lakini redio ni mali ya kampuni. Mali yangu nafanya nitakavyo, na yao wafanye watakavyo. Hizi ni siasa za watu wa mjini."

"Gus, mnara ni wao. Kompyuta ni yao. Ile hewa inayopita juu ya mahindi yako ni ya nani?"

"Ya Mungu."

"Basi Mungu kaiazima serikali, serikali ikawaazima hawa, nao wamemficha Laddie. Kisima chako kina kina gani?"

"Sikumbuki."

"Futi mia na themanini na tano." Alikuwa hajalifungua daftari. "Laddie alikuwa kwako Sikukuu ya Krismasi, mwaka ule wa baridi kali. Chakula chake nilikitupa kikiwa kimeganda. Hao wa kampuni wapigie basi, pampu ikifa."

Gus alivua glovu ya kulia. Akasema, "Lete hiyo kalamu, mwanamke, kabla sijaganda na mimi." Alitia sahihi na mkewe pia.

Aprili, mjumbe mmoja wa tume ya serikali inayotoa leseni alikuja jijini Omaha kusikiliza watu. Ukumbi wa chuo ulijaa asubuhi. Utaratibu ulikuwa mmoja kwa wote: unajiandikisha, unapanga mstari, unapewa dakika mbili kwenye kipaza sauti. Mezani palikuwa na taa tatu. Ya kijani sema, ya njano malizia, nyekundu ondoka. Kampuni ilikuwa imeleta watu wake mapema, na wote walisoma kutoka kadi zenye maneno yaleyale. Craig alizungumza wa sita.

"Stesheni zetu zinaishi na jamii," alisema. "Kwa mfano, sisi tunatangaza misiba kila siku ya kazi, saa sita na robo."

Safu zetu ziliguna. Tulikuwa tumekuja na mabasi mawili ya shule. Rosalie alisimama akataka kusema, mumewe akamvuta koti.

Zamu ya Albina ilifika karibu na adhuhuri. Alikuwa na gauni lake la mazishi na buti za Laddie. Taa ya kijani ikawaka. Hakusema mheshimiwa wala shukrani. Alikunjua karatasi yenye alama ya kutu ya bati, akasoma:

"Ladislav Sedlak, miaka sitini na tisa, wa Lomnice, amefariki Jumapili nyumbani kwake. Alikuwa fundi wa pampu. Ameacha mke, Albina. Misa ni Jumatano saa nne asubuhi, kanisa la Mtakatifu Prokopi. Baada ya maziko kutakuwa na chakula ukumbini. Kipo cha kutosha. Wote mnakaribishwa."

Nimesoma tanzia maelfu. Ile sentensi ya mwisho imo katika kila moja, na kwa miaka kumi na tisa nilikuwa naipitia haraka niwahi wimbo.

"Hii iliwekwa katika kisanduku chao Jumatatu asubuhi," alisema Albina. "Hapa nina karatasi ya faili lao, imetiwa sahihi, inasema waliisoma. Nimeisoma sasa hivi. Tazameni saa yenu. Imechukua chini ya dakika moja." Alimgeukia Craig. "Mwanangu, mlikuwa na siku nzima. Mlikuwa na stesheni mia sita."

Kisha akakunjua karatasi ya pili. "Agnes Hlavac, miaka themanini na minane, wa barabara ya daraja la zamani..." Taa ya njano. "Ameacha watoto wanne..." Nyekundu.

"Asante, mama," alisema mwenye saa. Alikuwa binti mpole na alikuwa anafanya kazi yake. "Muda wako umekwisha."

Albina hakubishana. Alirudi akiupita mstari, na mimi nilikuwa mtu wa tatu. Nilikuwa nimejiandikisha, ndiyo, lakini nilikuwa nimeandaa maneno ya jumla juu ya thamani ya utangazaji, maneno ya mtu anayeilinda ile karatasi aliyoitia sahihi. Alinisukumizia tanzia nane kifuani.

"Zamu yako," alisema. "Na usikimbize."

Wawili walionitangulia walikuwa watu wa Rosalie. Walipoziona zile karatasi walisogea kando wakanipisha.

Nilifika kwenye kipaza sauti. Mwanasheria wa kampuni alikuwa safu ya pili, na nilimwona anachukua kalamu. Nikasema, "Hapa ni Milo Vondra. Nilitia sahihi kwamba nitanyamaza, na nilinyamaza, watu wakazika wafu wao peke yao." Sauti yangu ya zamani ikarudi, ile ya saa sita na robo. "Agnes Hlavac, miaka themanini na minane, wa barabara ya daraja la zamani. Ameacha watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja. Misa ni Ijumaa saa tano. Wote mnakaribishwa."

Nilisoma ya pili polepole, na ya tatu. Taa yangu ilipokuwa nyekundu nilimpa Rosalie, aliyekuwa nyuma yangu mstarini, zilizobaki, naye akazisoma kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe, na baada yake Gus Prokop, miwani ikiwa imepinda puani. Kila baada ya jina mtu fulani ukumbini aliinuka. Walikuwa wenye misiba wenyewe, kila mmoja alikuwa amedhani, mpaka Albina alipombishia mlango, kwamba ni yeye peke yake. Ya tisa ilipomalizika, mwana wa Agnes Hlavac alimwendea Albina akamshika mkono.

"Laiti ningejua," alisema. "Laddie alitutengenezea kisima mara mbili. Ningekuja."

"Hata mimi," alisema Albina. "Mama yako alinifundisha kuoka kolache. Ningekuja."

Kuzisoma tanzia zote tisa kulikuwa kumechukua chini ya dakika nane.